Noah ya Nkoaranga: kununua gari mnadani Japani ukiwa Arusha

Kila Alhamisi, jiji la Arusha likiwa bado gizani, mnada mkubwa kuliko yote ya magari yaliyotumika nchini Japani hufunguliwa huko Noda, mkoa wa Chiba, nje kidogo ya Tokyo. Unaendeshwa na kampuni ya USS, na magari yanayopita mbele ya wanunuzi kwa siku hiyo moja mara nyingi huzidi 10,000. Japani imetutangulia kwa saa sita, kwa hiyo saa nne asubuhi ya Noda ni saa kumi alfajiri ya Sanawari. Sehemu kubwa ya Toyota Noah zinazobeba abiria kwenda Namanga, na sehemu ya Land Cruiser ambazo mafundi wa Arusha huzikata, kuzirefusha na kuzifungulia paa kwa ajili ya watalii, zilianza safari yao katika minada ya aina hii, zikauzwa kwa sekunde chache kwa mtu ambaye hakuwahi kuzigusa.

Mwandishi wa makala haya aliujua mnada huo kupitia mjomba wake, mwalimu mstaafu wa Hisabati anayelima kahawa na migomba Nkoaranga, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Meru. Mzee alitaka Noah ya kupandisha na kushusha familia na mizigo yake: ndizi kwenda soko la Tengeru Jumamosi, bibi kwenda hospitali, wajukuu wakija likizo. Alitaka yenye kuvuta magurudumu yote manne, kwa kuwa masika ikikolea barabara za udongo za kule juu huteleza vibaya. Alizunguka yadi za mjini, akasikia bei, akarudi nyumbani kimya. Siku chache baadaye dereva mmoja wa Usa River alimwambia kwamba yadi zenyewe hununua mnadani, na kwamba mtu wa kawaida naye anaweza.

Anaweza, lakini si peke yake. Hilo ndilo jambo la kwanza alilolisikia kwa wakala, dada mmoja mwenye ofisi ndogo jirani na Barabara ya Sokoine.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kununua gari mnadani Japani. Nifundishe.”

Akamfundisha. Minada ya Japani ni ya wanachama tu. Ili uwe mwanachama sharti uwe na leseni ya Kijapani ya kufanya biashara ya vitu vilivyotumika, inayotolewa kupitia polisi wa kule, na kampuni ya mnada ikukubali. Mnunuzi aliyeko Arusha, Nairobi au Kampala hupitia kampuni ya Japani inayosafirisha magari nje, ama moja kwa moja ama kwa wakala wa hapa. Unaweka amana, unasema unataka gari gani, unapewa nafasi ya kutazama orodha za magari yatakayouzwa wiki hiyo, unachagua, unataja dau lako la mwisho. Kampuni ndiyo inayobonyeza kitufe kwa niaba yako. Ukikosa, amana yako inabaki kwa ajili ya gari lijalo au inarudi. Masharti ya kurudi kwake huandikwa, na huulizwa kabla ya kuilipa.

Magari haya ni mengi kwa sababu inayoeleweka. Sheria ya Japani inalitaka gari dogo jipya likaguliwe baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo pamoja na kodi zake ni ghali. Wenye magari wengi huona heri kuuza kuliko kulipia ukaguzi mwingine. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, usukani uko kulia, na kwa hiyo gari likishuka Dar es Salaam halihitaji kuhamishwa usukani.

Kununua gari bila kuliona si jambo lililoletwa na simu za mkononi. Mwaka 1985, kabla dunia haijawa na tovuti, Masataka Fujisaki alianzisha Aucnet, mnada wa magari wa kwenye runinga. Picha za magari zilisambazwa kwa wafanyabiashara zikiwa kwenye diski, mashine zao zikaunganishwa kwa simu, wakapandisha dau wakiwa madukani mwao. Miaka kumi baadaye, 1995, Pierre Omidyar alianzisha huko Marekani mnada wa intaneti uliokuja kuitwa eBay. Aucnet ilisimama kwa sababu ya kitu kimoja: mkaguzi alilipitia kila gari na kuandika alichokiona, na karatasi yake ikaaminiwa na mtu aliyeko mbali.

Karatasi hiyo ndiyo moyo wa biashara yote.

Mzee wa Nkoaranga aliielewa haraka kuliko wakala alivyotarajia, na sababu ni kahawa. Kwa miaka mingi kahawa ya Meru imekuwa ikipelekwa mnadani Moshi, yaliko makao makuu ya Bodi ya Kahawa Tanzania. Kule mnunuzi hapandishi dau kwa kuangalia gunia. Hupata orodha ya mafungu na sampuli mapema, huikaanga, huionja, huandika alama zake, ndipo huingia mnadani akiwa anajua anachokitaka. “Kumbe hii ndiyo sampuli,” mzee alisema, akiishika karatasi ya mnada ya Noah moja na kuivuta karibu na miwani.

Juu ya karatasi kulikuwa na alama ya jumla. Alama hizo huanzia S na 6 kwa gari linalokaribia upya, hushuka hadi 5, 4.5, 4, 3.5, 3 na chini yake. Kwa mtu anayetaka gari la kazi, 4 na 3.5 ndizo zinazotazamwa zaidi. Kando yake kuna herufi ya hali ya ndani: A ni safi sana, B ni nzuri, C imechakaa, D imechoka. Chini kuna mchoro wa gari lililotandazwa kana kwamba limechunwa ngozi, milango huku na paa katikati, na juu yake zimetawanyika herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni bati lililonyooshwa na kupakwa rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, X ni kitu kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Tarakimu inaonyesha ukubwa: U1 huenda usiione mpaka uinamishe kichwa, U3 utaiona ukiwa ng'ambo ya barabara.

Mzee alikuwa ameipenda Voxy moja, ndugu pacha wa Noah. Ilikuwa nyeusi, picha zinang'aa, na bei ya kuanzia ilikuwa chini kuliko wenzake wote.

“Hii kwa nini ni rahisi?”

Dada akaweka kidole kwenye alama ya juu. Ilikuwa R. Herufi hiyo, pamoja na RA, huwekwa kwa gari lililopata ajali na kutengenezwa. Mkaguzi wa Japani haiandiki kwa sababu ya bampa kuvunjika. Huiandika pale mifupa ya gari, yaani fremu na nguzo zake, ilipoguswa. Picha hazikuonyesha lolote. Voxy ikafutwa kwenye orodha.

Akamwonyesha na mwaka. Karatasi nyingi huandika mwaka kwa hesabu ya utawala wa wafalme wa Japani. H ni Heisei, enzi iliyoanza 1989, kwa hiyo H22 ni 2010 na H26 ni 2014. R kwenye sehemu ya mwaka ni Reiwa, iliyoanza 2019, na haihusiani kabisa na R ya ajali. Mgeni wa mambo haya huviruka vitu hivi viwili kwa macho, na vyote viwili hugharimu mamilioni. Maandishi ya mkaguzi yaliyobaki ni ya Kijapani, na mnunuzi ana haki ya kudai yatafsiriwe yote, neno kwa neno. Humo ndimo huandikwa kwamba ndani kunanuka sigara, kwamba gia inachelewa, kwamba chini kuna kutu. Kutu huuliziwa zaidi kwa magari yaliyotumika Hokkaido na mikoa mingine ya theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu.

Kuhusu injini, ushauri ulitoka kwa fundi wa Kijenge na si kwa wakala. Noah na Voxy za miaka ya 2001 hadi 2007, zenye chasisi ya AZR60, zina injini ya D-4 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiogopa kwa sababu haivumilii mafuta machafu. Zilizofuata, za ZRR70, na ZRR75 kwa zile zinazovuta magurudumu manne, zina injini nyingine. Mzee akaandika “ZRR75” kwenye daftari lake na kuichorea mstari chini.

Daftari hilo lilikuwa la mistari, la wanafunzi, na ndilo lililompa mwandishi somo ambalo angependa kila anayeanza alipate. Watu wengi huanza na bei ya gari, kisha huongeza: usafiri, bandari, kodi, na kila kinachoongezeka kinawashtua. Mzee alianza upande wa pili. Juu kabisa aliandika fedha alizonazo, zote. Chini yake akatoa kodi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Akatoa gharama za bandari na malipo ya wakala wa forodha. Akatoa usajili, bima na mafuta ya kutoka Dar es Salaam. Akatoa nauli ya meli, ambayo kwa magari huhesabiwa kwa mita za ujazo, na Noah huzidi 14 kidogo. Akatoa ada ya mnada, ada ya kampuni ya Japani na usafiri wa kutoka mnadani hadi bandari ya kule. Kilichobaki mwishoni mwa ukurasa ndicho kilikuwa dau lake. Dau lilitafutwa kutoka Nkoaranga kwenda Noda, na lilipofika Noda halikuwa na pa kupanda.

Kodi ndiyo iliyokula mistari mingi. TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake: unachagua aina ya gari, toleo, mwaka, nchi linakotoka, mafuta na ukubwa wa injini, nacho kinatoa thamani inayotambuliwa na forodha pamoja na jumla ya kodi. Thamani hiyo ni ya TRA. Ukilipata gari kwa bei ya kutupa mnadani, usitegemee kodi nayo itashuka.

Hesabu yenyewe inaumiza, na ni vema kuiona kwa mfano. Chukua gari la abiria ambalo thamani yake ya forodha, pamoja na nauli ya meli na bima, ni dola 5,000, lina injini ya kati ya cc 1,000 na 2,000, na umri wake umezidi miaka 10. Ushuru wa forodha wa 25% ni dola 1,250, jumla inakuwa 6,250. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa 5%, dola 312, na ushuru wa uchakavu wa 30%, dola 1,875. Kisha VAT ya 18% juu ya vyote hivyo, dola 1,518. Ukijumlisha kodi peke yake unapata karibu dola 5,000, sawasawa na thamani ya gari lenyewe, na bado hujahesabu tozo ndogondogo. Gari hilohilo likiwa na umri wa miaka 8 hadi 10, ushuru wa uchakavu unakuwa 15%. Hapo ndipo tofauti ya miaka michache kwenye karatasi inapogeuka kuwa fedha. Kwa kuwa viwango huweza kubadilika kila bajeti inaposomwa, hesabu ya mwaka jana haitoshi. Jirani zetu wamekwenda mbali zaidi: Kenya hairuhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8.

Usiku wa kuamkia mnada mzee alilala kwa mwandishi, Usa River. Saa kumi na moja kompyuta ilikuwa mezani, bando limejazwa, dada wa ofisini yuko hewani kwenye simu. Kila gari lina namba yake ya mnada, na kwa namba hiyo unaweza kukisia saa litakapopita; Noah waliyoichagua ilitarajiwa karibu na saa sita mchana ya Japani. Nje kulikuwa na baridi na ukungu, mlima hauonekani.

Gari lilipotokea, mambo yalikwenda mbio. Katika minada mingi ya kule kila mnunuzi akibonyeza kitufe bei hupanda kwa yeni 3,000, na wanaobonyeza ni wengi kwa wakati mmoja. Kuna bei ya chini ambayo muuzaji ameiweka na wanunuzi hawaijui. Bei ikiifikia, skrini huonyesha kwamba sasa gari linauzwa kwelikweli. Yote hayo huchukua sekunde kumi, ishirini, basi. Tarakimu zilikimbia, zikalifikia dau la mzee, zikalipita.

“Mzee, imepita. Wengine hapa huongeza kidogo. Unasemaje?”

“Iache iende, mwanangu.”

Ikaenda. Mwandishi, aliyekuwa amekwisha kuipenda Noah ile, alishangazwa na utulivu wa sauti ya mjomba wake. Aliyeipata pengine alikuwa na sababu zake, au pengine ndiye aliyeikadiria kwa matumaini makubwa kuliko wote. Wahandisi watatu wa kampuni moja ya mafuta ya Marekani waliandika jambo hili mwaka 1971, walipoona kampuni zilizoshinda minada ya vitalu katika Ghuba ya Meksiko zikiambulia faida ndogo: katika mnada ambao hakuna anayejua thamani halisi ya kitu, mshindi mara nyingi ni yule aliyekosea kwa kuzidisha. Robert Wilson, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2020 pamoja na Paul Milgrom, alionyesha kwa hesabu kwamba mnunuzi makini hubaki chini kidogo ya makadirio yake mwenyewe kwa ajili hiyo hiyo. Mwalimu mstaafu alikuwa na daftari tu, lakini lilimwambia jambo lilelile.

Noah yake ilipatikana baadaye, katika mnada mwingine, kwa bei iliyokuwa chini ya dau. ZRR75 ya rangi ya fedha, alama 4, ndani B, na U2 moja ubavuni nyuma kushoto. Kisha yakaja mambo ya benki na karatasi, ambayo nayo yana hatari zake. Mzee alilipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lilelile la kampuni iliyoandika ankara. Meli ilipoondoka alipokea hati ya shehena na cheti cha Japani cha kuondoa usajili wa gari, akalinganisha namba ya chasisi kwenye hati hizo na kwenye karatasi ya mnada, tarakimu kwa tarakimu. Wakala wa forodha alitafutwa mapema, mwenye leseni ya TRA, ili gari lisikae bandarini likihesabiwa siku.

Kijana mmoja wa jirani hakupata bahati hiyo. Aliona tovuti yenye bendera ya Japani na magari ya nusu bei, akaambiwa alipe haraka kwa akaunti ya mtu binafsi iliyoko nchi nyingine kabisa, akalipa. Gari halikuwahi kuwepo. Wezi wa namna hii huiba picha za kampuni halali na wakati mwingine hata jina, wakibadilisha herufi moja ya anwani. Kinga zipo. Wasafirishaji wa magari wa Japani wana chama chao, JUMVEA, na ni rahisi kuangalia kama kampuni ni mwanachama. Omba karatasi ya mnada yenye namba ya chasisi. Asiyekuwa na gari hupata taabu kuitoa. Mwenye kampuni ya kweli hakasiriki ukimuuliza maswali, wala hakwambii kwamba ofa inaisha leo jioni.

Siku ya kulichukua gari Dar es Salaam, mzee alishuka na dereva wake, karatasi ya mnada mfukoni. Kabla ya kuwasha alilizunguka polepole, akilinganisha mchoro na bati. Bonyeo la ubavu wa nyuma kushoto lilikuwepo palepale lilipoandikwa, pana kama kiganja. Alilipapasa na kucheka kwa furaha, kwa sababu mtu asiyemjua, aliyeko ng'ambo ya bahari, alikuwa amemwambia ukweli. Wakapita Chalinze, Segera, Korogwe, Same, hadi nyumbani.

Minada ya mtandaoni sasa imewafikia hata wakulima upande wa kuuza: ufuta, mbaazi na korosho huuzwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na wakulima hukutana kuikubali au kuikataa bei iliyopatikana. Anayejua kununua mnadani atajua pia kuuza.

Kwa hiyo, msomaji unayefikiria kununua gari kwa njia hii, anza na daftari. Andika fedha ulizonazo, fungua kikokotoo cha TRA, toa kila gharama hadi Japani, na kinachobaki kiandike kuwa dau lako. Omba karatasi ya mnada na tafsiri yake kamili. Mtafute fundi unayemwamini akwambie habari za injini. Kabla hujatuma hata shilingi moja ya amana, hakikisha jina la akaunti na jina la kampuni ni moja. Na bei ikipita dau lako, iache: wiki ijayo mnada upo tena.